Nipo

Ukumbi wa Seneti ya jimbo la Illinois una roshani ya wageni, na siku ile tulikaa humo watu kumi na wanne, karibu wote akina mama kutoka Kivu, mashariki mwa Kongo, vitenge vyao vikimeta juu ya vichwa vya watu waliovaa suti za rangi ya majivu. Mimi nilikuwa mkalimani wao. Tulikuwa tumeondoka Chicago kwa basi saa kumi na moja alfajiri, tukapita kilomita zaidi ya 300 za mashamba ambayo hayakuwa yamepandwa bado, udongo mweusi tii kushoto na kulia mpaka macho yanachoka. Mama mmoja wa Uvira, niliyekaa naye kiti kimoja, alisema mara tatu njiani kwamba udongo kama ule kulala bure ni dhambi.

Mswada uliotupeleka Springfield, makao makuu ya jimbo, ulihusu pesa za madarasa ya Kiingereza kwa watu wazima. Tuliambiwa huenda ukaitwa siku ile. Haukuitwa. Iliitwa mingine, mmoja baada ya mwingine, kwa kasi ambayo hata mimi niliyezoea kukimbizana na maneno ya watu nilishindwa kuifuata. Ukutani palikuwa na ubao wenye majina ya maseneta wote 59. Kila kura ilipopigwa, taa ziliwaka kando ya majina: kijani kwa ndiyo, nyekundu kwa la.

Kisha kando ya jina moja ikawaka njano.

"Dada," mama akaninong'oneza, "ile ya njano ni nini?"

Mkalimani hapewi muda wa kuwaza. Neno wanalotumia wao, "present", ni lile lile ambalo mtoto hujibu darasani mwalimu anapoita majina. Nikalitoa kama lilivyo. "Anasema: nipo. Hakubali wala hakatai."

"Kwa hiyo eko pale, lakini hasemi kitu."

"Ndiyo mama. Ni kama hakupiga kura."

Akaguna. Akaitazama ile taa mpaka ubao ulipofutwa. Halafu akaniuliza swali la pili, kwa sauti ya kawaida, mpaka askari wa mlangoni akageuka kutuangalia.

"Na Obama, huyu wa kwenu, alifanya nini humu ndani?"

Nikanyamaza. Sikuwa na jibu.

Tulicheza ngoma, hatukuuliza

Kwetu Kenya Obama ni wa 2008. Rais Kibaki alitangaza Alhamisi ya tarehe 6 Novemba mwaka ule kuwa siku ya mapumziko nchi nzima, na mimi nilikuwa Mombasa, Kisauni, nikipiga vigelegele barabarani na watu ambao mpaka leo siwajui majina. Tulijua Kogelo, kijiji cha baba yake. Tulimjua Mama Sarah, bibi yake wa huko. Tuliijua hotuba ya Boston ya 2004, ile ya mkutano mkuu wa chama chake, Democratic, na tulijua ushindi.

Hotuba ile aliitoa tarehe 27 Julai 2004, naye alipanda jukwaani akiwa seneta wa jimbo tu. Cheo chake chote kilikuwa kiti kimoja kati ya 59 katika mji ambao Wakenya wengi hawajawahi kuusikia. Alikikalia tangu Januari 1997 hadi Novemba 2004. Karibu miaka minane. Ni muda unaokaribia ule aliokaa Ikulu, na mimi niliyeishi Illinois miaka yote hii, niliyesimama ndani ya jengo lenyewe na mgeni akaniuliza, sikuweza kusema hata sentensi moja kuuhusu.

Aibu ile ndiyo iliyonikalisha usiku. Nikaanza kusoma.

Nilimkosea mama

Jambo la kwanza nililogundua ni kwamba nilitafsiri vibaya.

Katika Seneti ya Illinois mswada haupiti kwa kuwazidi wanaoukataa. Unapita ukipata kura 30 za ndiyo, zaidi ya nusu ya viti vyote, hata kama karibu nusu ya wenyewe wako nyumbani wamelala. Kwa hiyo anayebonyeza njano hajakaa pembeni. Amenyima kura moja ya zile 30, sawasawa na aliyebonyeza nyekundu. Tofauti yao ni kwamba nyekundu inamfuata mtu hadi kwenye matangazo ya uchaguzi ujao, na njano ni ngumu kuibandika ukutani.

Mimi nilimwambia mama ni kama hakupiga kura. Alikuwa amepiga, tena vizuri sana.

Kiswahili chetu chenyewe kingenionya kama ningekisikiliza. Pwani mtu akikuuliza "Upo?", hakuulizi kama mwili wako umesimama mbele yake, maana anakuona. Na wewe ukijibu "Nipo", umemweleza mengi: hujasafiri, hujafa, hujakata undugu. Ukijibu "Nipo nipo tu", umemweleza mengine kabisa, na akiwa mwungwana atakuuliza umekula nini leo. Neno lile halijawahi kuwa tupu. Nilikuwa na haraka tu, nikalimwaga.

Obama alibonyeza njano mara zipatazo 130, katika kura zipatazo 4,000. Wapinzani wake wa 2008 walilikamata jambo hilo wakalipiga kama ngoma: mtu huyu anaogopa kuamua. Nilipoanza kusoma nilikubaliana nao nusu. Mwaka 1999 uliletwa mswada wa kuruhusu baadhi ya vijana wanaofyatua bunduki karibu na shule washtakiwe kama watu wazima. Ukisema ndiyo, watu weusi wa Chicago wanaokuchagua watauliza ni watoto wa nani utakaowajaza jela. Ukisema la, utaitwa rafiki wa majambazi. Akabonyeza njano. Mswada ukapita bila yeye. Ile nimeitazama kila upande, na bado naona mtu aliyekuwa akijilinda.

Lakini nyingi za zile 130 hazikuwa hivyo. Chama chake kilikuwa kikipanga pamoja kubonyeza njano kama njia ya kusema kwamba mswada umeandikwa vibaya au unavunja katiba. Kwenye miswada ya kubana utoaji mimba, watetezi wa haki hiyo wenyewe waliwaomba maseneta wabonyeze njano kwa wingi, ili wale wa maeneo magumu wasibaki uchi peke yao. Kwa hiyo palikuwa na njano ya hofu na njano ya mshikamano, na ukutani zote mbili zinang'aa sawa. Kutoka roshani huwezi kuzitofautisha.

Saini 757

Hapa nisingependa kupita, lakini siwezi kuandika habari za kiti bila kusema kilipatikanaje.

Kiti cha eneo la 13, upande wa kusini wa Chicago, kilikuwa cha Alice Palmer, mama aliyeheshimika sana mitaani. Mwaka 1995 Palmer alitaka kwenda Washington kuwa mbunge, akamwachia nafasi mwanasheria kijana anayeitwa Barack Obama, akamtambulisha kwa watu wake. Kisha akashindwa kule alikokwenda, akataka kurudi kwenye kiti chake. Wazee wakamfuata kijana: mpishe mama. Akakataa. Alikuwa ameshatangaza, ameshachangisha, ameshapewa neno.

Mpaka hapo namwelewa. Ahadi ni ahadi.

Lakini ili jina la mtu liwekwe kwenye karatasi ya kura za mchujo zilihitajika saini 757 za wapiga kura wa eneo lile. Palmer alipeleka saini 1,580 zilizokusanywa mbio mbio. Watu wa Obama wakaenda kwenye ofisi za uchaguzi wakazipitia jina kwa jina, wakizilinganisha na daftari: huyu anakaa nje ya mpaka, huyu ameandika kwa herufi za chapa wakati alijiandikisha kwa mkono wa kuunganisha, huyu amehama. Saini zikapukutika. Palmer akajitoa. Wakafanya vivyo hivyo kwa wagombea wengine watatu, na wote wakaondolewa. Machi 1996 mtu aliyekuwa amewafundisha watu weusi wa kusini kujiandikisha kupiga kura aliwaomba kura akiwa jina pekee kwenye karatasi.

Ilikuwa halali kabisa, na siasa za Chicago zilikuwa zimeishi hivyo muda mrefu. Nimejaribu kulisoma kama mtu wa mji ule, na nikiwa mtu wa mji ule sishangai. Nikilisoma kama mtoto wa Kisauni niliyeona mama zangu wakipanga foleni tangu usiku ili tu wapate watu wawili wa kuchagua kati yao, linanikwama kooni.

Halijashuka bado.

Kiti cha wachache

Akafika Springfield Januari 1997 na kukuta mlango umefungwa.

Seneti ilikuwa mikononi mwa chama cha Republican, na juu yake James "Pate" Philip, mwanajeshi wa zamani aliyeiongoza kwa mkono wa chuma tangu 1993. Mswada wa mtu wa upande wa wachache ulipelekwa kwenye kamati ya kanuni, na huko ukalala. Kamati ile ilikuwa kaburi lenye meza na viti. Unaweza kuwa umesoma Harvard, umekuwa rais wa jarida la sheria la chuo kile, unafundisha katiba Chuo Kikuu cha Chicago: mswada wako utalala pale pale na wa mwenzio ambaye hakusoma.

Nadhani hili ndilo jambo ambalo wengi wetu hatulijui tunapowatukana wabunge wa majimbo, wa kaunti, wa popote. Tunauliza "ameleta nini?" wakati mtu ameketi miaka sita upande ambao hauruhusiwi kuleta kitu. Ni kazi ya kwenda na kurudi. Unaacha mtoto Chicago, unaendesha saa tatu hadi Springfield, unalala hotelini siku mbili tatu, unabonyeza kitufe, unashindwa, unarudi Alhamisi. Bintiye Malia alizaliwa tarehe 4 Julai 1998. Mkewe amesema wazi miaka ile ilivyomchosha.

Na wenzake hawakumpenda mara moja. Donne Trotter na Rickey Hendon, maseneta weusi wa Chicago kama yeye, walimwona msomi wa kuja kujionyesha. Mwaka 2002 yeye na Hendon karibu wapigane ngumi ndani ya ukumbi ule ule niliouona, kwa sababu ya kura moja kuhusu ofisi ya ustawi wa watoto upande wa magharibi wa jiji.

Akajifunza. Alijiunga na meza ya karata ya seneta mwenzake Terry Link, wazungu wa mashambani na wa vitongojini, dau dogo, sigara nyingi. Walikuwa wakiiita mikutano ya kamati. Wanaosimulia wanasema alicheza kwa hadhari, akitupa karata mbaya mapema bila kusikitika. Mtu anaweza kuona huo ni ujanja tu. Mimi naona kijana asiye na kura za kutosha anayekwenda kukaa mahali zilipo.

Mwaka 1998 ukapatikana mwanya mmoja. Alipewa mswada wa kubana zawadi ambazo wabunge walikuwa wakipokea na kuwazuia kutumia pesa za kampeni kwa mambo yao binafsi, maana hadi wakati ule sheria ya Illinois iliruhusu. Fikiria kuwaendea wenzako mlio wachache, waliokasirika, na kuwaambia: leo nawaomba mjipunguzie mkate. Walimzomea kwenye vikao vya chama. Seneti ikaupitisha kwa kura 52 dhidi ya 4.

Desemba

Sasa nafika mahali paliponipokonya usingizi kabisa.

Desemba 1999 mahakama kuu ya jimbo ilifuta sheria ya kudhibiti bunduki kwa sababu ya kasoro ya jinsi ilivyotungwa. Gavana George Ryan akawaita wabunge warudi kabla ya mwaka kwisha waipitishe upya. Kwa kuwa ilitakiwa ianze kazi mara moja, kura 30 hazikutosha. Zilihitajika 36.

Obama alikuwa Hawaii na familia yake, kwa nyanya yake mzaa mama. Malia, wa mwaka mmoja na nusu, akaugua. Akabaki. Mswada ukaanguka kwa kura chache.

Si njano, si nyekundu, si kijani. Hakuwepo.

Wakati ule alikuwa akigombea ubunge wa Washington dhidi ya Bobby Rush, aliyekuwa zamani kiongozi wa Black Panther, kundi la kupigania haki za watu weusi, mtu wa mtaa hasa. Oktoba ya mwaka ule ule mwanawe Rush alikuwa ameuawa kwa risasi. Kwa hiyo mpiga kura wa kusini mwa Chicago alikuwa na baba mmoja aliyezika mtoto kwa bunduki, na mwingine aliyekuwa pwani siku ya kura ya bunduki. Magazeti hayakumwonea huruma. Machi 2000 Rush akapata asilimia 61, Obama 30.

Nina watoto wawili. Nimekaa na mtoto mwenye homa usiku kucha nikijua kesho nina kikao ambacho mtu mwingine anategemea kinywa changu. Mara moja nilikwenda nikamwacha mtoto, na mara moja nilibaki nikamwacha mteja, na katika hizo mbili hakuna niliyoisamehe. Kwa hiyo sitamhukumu mtu kwa kubaki na bintiye. Ila naona kitu ambacho ukumbi ule unakidai na ambacho hakuna anayekisema wakati wa kampeni: kwamba mwili wako uwe pale, saa ile, hata kama roho yako iko kando ya kitanda kilomita zaidi ya 6,000 kutoka hapo. Mkalimani mwingine aliweza kunishikia nafasi. Kitufe cha seneta hakishikiwi na mtu.

Kadi iliyokataa

Agosti 2000, miezi mitano baada ya kushindwa, marafiki walimshawishi aende Los Angeles kwenye mkutano mkuu wa chama. Mwenyewe amesimulia. Alitua uwanja wa ndege, akaenda kukodi gari, akatoa kadi ya mkopo. Ikakataa. Ilichukua muda mrefu kwenye simu mpaka akapewa ufunguo. Ukumbini hakuwa na kibali cha kuingia walikokaa wajumbe. Akatazama hotuba kwenye televisheni kama ambavyo angetazama nyumbani, na akarudi Chicago kabla mkutano haujaisha.

Kutoka kwenye kaunta ile ya magari hadi jukwaa la Boston ni miaka minne kasoro wiki chache. Watu hupenda kuisimulia kama hadithi ya kutokata tamaa. Mimi nimeangalia kilichobadilika katikati, na cha kwanza ninachokiona ni kofia.

Kofia ya Lincoln

Kila baada ya miaka kumi, baada ya sensa, mipaka ya maeneo ya uchaguzi huchorwa upya. Wabunge wa Illinois wakishindwa kukubaliana, tume ya watu wanane huundwa, nusu chama hiki na nusu kile. Nayo ikikwama, katiba ya jimbo inasema ipigwe bahati nasibu kumpata wa tisa.

Septemba 2001 ikapigwa. Waziri wa serikali ya jimbo, Jesse White, aliingiza mkono kwenye kofia ndefu iliyoigwa ile ya Abraham Lincoln, ambaye naye aliwahi kuwa mbunge wa jimbo hilo hilo kwa vipindi vinne kabla ya yote mengine. Akatoa karatasi. Ilikuwa ya chama cha Democratic.

Ramani ikachorwa na chama cha Democratic. Eneo la Obama likanyooshwa kaskazini kando ya ziwa, kutoka mitaa ya watu weusi wa kusini hadi kwenye maghorofa ya matajiri wa katikati ya jiji, watu ambao baadaye wangechangia kampeni ya kwenda Washington. Yeye mwenyewe aliketi na mtaalamu mbele ya kompyuta wakisogeza mistari. Na katika uchaguzi wa Novemba 2002, kwa ramani ile, Seneti ikabadilika mikono.

Wengi wa chumba kile hawakuwa wamebadilika. Wao walikuwa wale wale, wenye akili ile ile na vitabu vile vile. Upande wa meza ndio uliogeuka.

2003

Rais mpya wa Seneti akawa Emil Jones, mzee wa kusini mwa Chicago aliyewahi kukagua mitaro ya maji machafu ya jiji, na aliyemfahamu Obama tangu miaka ya 1980. Jones akampa uenyekiti wa kamati ya afya na ustawi, na akampa miswada mizito. Mingine ilikuwa imebebwa na wenzake kwa miaka mingi gizani. Hendon alilalamika hadharani kwamba yeye ndiye aliyepigwa mawe kwa ajili ya mswada wa ubaguzi barabarani, na mwingine akaja kupewa maua. Nadhani ana haki ya kulalamika. Sheria hubeba jina la aliyekuwa amesimama pale mlango ulipofunguka.

Lakini kuna sheria moja ambayo aliyeifanya ni yeye hasa, na ndiyo ningependa mama wa Uvira aijue.

Tangu 1977 hadi mwanzoni mwa 2000, Illinois ilikuwa imewaua watu 12 kwa hukumu ya kifo, na wengine 13 waliosubiri kuuawa wakathibitika hawana hatia. Soma tena hesabu hiyo. Baadhi yao walikuwa "wamekiri", na Chicago nzima ilijua kilichokuwa kikitendeka kwenye vyumba vya mahojiano upande wa kusini chini ya kamanda Jon Burge. Gavana Ryan akasimamisha utekelezaji wa hukumu zote za kifo.

Obama akaleta mswada: mahojiano ya polisi na mtuhumiwa wa mauaji aliye kizuizini yarekodiwe. Polisi hawakutaka. Waendesha mashtaka hawakutaka. Gavana mpya, wa chama chake mwenyewe, hakutaka. Kwa kura alizokuwa nazo sasa angeweza kuwaburuta. Badala yake aliketi na polisi, kikao baada ya kikao, kipengele kwa kipengele: kifaa kikiharibika itakuwaje, mtu akikataa kurekodiwa itakuwaje, gharama nani. Naona mkono wa yule mcheza karata pale. Siku ya kura ubao ulionyesha taa 58 za kijani. Nyekundu hakuna. Njano hakuna. Illinois ikawa jimbo la kwanza Marekani kuliamuru jambo hilo kwa sheria iliyotungwa na bunge.

Mwaka huo huo ikapita ile ya barabarani: kila askari anayesimamisha gari aandike asili ya dereva. Kaka yangu alisimamishwa usiku mmoja kwa sababu ya taa ya nyuma. Nilikuwa kando yake. Askari hamwulizi dereva yeye ni nani. Humtazama, kisha huandika anavyomwona yeye. Nilimwona akimmulika kaka usoni kwa tochi, sekunde moja, mbili, halafu akarudi garini kwake kujaza. Siku hiyo nilidhani anamkariri. Sasa najua ilikuwa pia sheria inamkariri askari mwenyewe.

Simu

Jumapili iliyopita nilimpigia mama. Nilisikia sufuria, watoto, na redio ya kwaya. Nikamwambia: mama, siku ile Springfield nilikutafsiria vibaya, naomba radhi.

Nikamweleza zile 30. Nikamweleza kwamba wa njano alikuwa amepiga kura. Nikamweleza pia la Obama: miaka sita alikaa upande ambao hauwezi kitu, alikosekana siku moja kubwa kwa ajili ya mtoto, na mwishowe alikaa na polisi mpaka wakakubali kurekodiwa.

"Kurekodiwa namna gani?"

Kwa mashine, mama, tangu wanapomketisha mtu mpaka wanapomaliza.

Akanyamaza kidogo. Alikotoka yeye anavijua vyumba vile. Nikasikia kifuniko kikirudishwa juu ya sufuria.

"Dada," akasema, "yule wa njano wa siku ile. Jina lake uliliandika?"

Sikuwa nimeliandika, nikamwambia, lakini kura zote huwekwa wazi, naweza kulitafuta.

"Litafute. Na siku anakuwa ofisini kwake huku Chicago, si Springfield, unitafutie na hiyo. Basi lile ni mbali, na magoti yangu hayataki. Lakini kama eko hapa karibu nitaenda nimuulize."